Bibi aliyenilea aliitwa Tabu: je, nimpe binti yangu jina lake?

Baba wa Muheza:

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote. Mke wangu amejifungua salama mtoto wa kike, mzaliwa wetu wa kwanza, na leo mtoto ametimiza siku 17. Siku ya saba ilitupita bila akika kwa sababu mama yake alikuwa bado hajapata nguvu, na sasa tumekubaliana ifanyike siku ya 21, yaani Jumamosi hii. Mbuzi amepatikana, mpishi amepatikana, jamaa wamepewa taarifa. Kilichokosekana ni jina.

Mimi ni Mbondei. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni bibi mzaa baba, aliyeitwa Tabu. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye machungwa ambayo yeye mwenyewe aliyachuma, akayapanga kwenye tenga na kukaa nayo kando ya barabara hadi basi la mwisho lipite. Alipofariki miaka mitatu iliyopita nilisema mbele ya jamaa, udongo ukiwa bado mbichi, kwamba nikijaliwa binti nitamwita kwa jina lake, na kwetu mtoto wa kwanza wa kike kurithi jina la upande wa baba si jambo la kumshangaza mtu.

Mke wangu ni Mnyamwezi wa Tabora, na ni mwalimu wa shule ya msingi. Hana neno na bibi. Walionana mara mbili na walipendana. Ugomvi wake ni na jina lenyewe. Anasema yeye ndiye anayeita majina darasani kila asubuhi na anajua kitakachotokea: mwalimu atauliza, "Tabu yupo?" na darasa zima litaitikia, "Tabu ipo, mwalimu!" Yeye amechagua Aaliyah, na amenionyesha kwenye simu kwamba maana yake ni aliye juu, aliyetukuka. Mama mkwe, ambaye amekuja kumtunza binti yake mpaka arobaini itimie, hasemi lolote, lakini jana alfajiri nilimsikia akimbembeleza mtoto kwa jina hilohilo la Aaliyah, na nikajua kwamba kura zimekwisha kupigwa.

Naomba ushauri wenu katika mambo matatu. Je, kumpa mtoto jina lenye maana nzito kama hii kuna ubaya wowote kidini? Je, inawezekana cheti kikabeba jina moja na nyumbani tukamwita jingine bila kumletea usumbufu baadaye? Na je, nikiacha, nitakuwa nimevunja ahadi niliyoitoa kaburini?

Bi Mkubwa wa Pangani:

Mwanangu, hongera kwa mzigo kufika salama, na Mungu amkuze.

Umeuliza maswali matatu, lakini lipo moja ambalo ungeanza nalo na hukulianza: je, unajua kwa nini bibi yako aliitwa Tabu? Sisi watu wa pwani na wa bara ya karibu hatukuwapa watoto majina haya kwa kukosa mengine. Mtoto aliyezaliwa usiku aliitwa Chausiku, wa mvua aliitwa Mwamvua, wa mwezi wa mfungo akawa Ramadhani. Basi na aliyezaliwa nyumba ikiwa na dhiki aliitwa Tabu, au Shida, au Mashaka, na jina likawa ndiyo barua ya mzazi kuhusu siku ile. Tena zilikuwapo nyumba zilizokwisha kuzika watoto wawili au watatu, na anayefuata akapewa jina lisilotamanika makusudi, ili mauti yapite mlango huo kana kwamba hapana kitu cha kuchukua. Kwa hiyo jina unaloliona baya huenda lilitolewa na mama aliyempenda mtoto wake kuliko wanavyopenda hao wanaotafuta majina kwenye simu. (Simsemi mkeo, nasema kwa jumla.)

Na usidhani jina humfunga mtu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, na dunia yote ya taarabu ikaja kumjua kwa jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima. Bi Kidude naye jina lake hasa lilikuwa Fatuma binti Baraka. Hilo la Kidude alipewa kwa udogo wake alipozaliwa, na ndilo alilokwenda nalo kila jukwaa mpaka uzee wake. Mmoja jina zito lilimtoka, mwingine jina la mzaha likamganda, na wote wawili waliimba.

Jambo la mwisho, ambalo vijana mmelisahau: mkamwana hamwiti mkwe wake kwa jina. Mjukuu wangu mmoja ana jina langu, na mama yake hajawahi kulitamka hata siku moja, humwita "Mama", na hata anapotaka kumchapa kwa kumwaga maziwa, husema kwanza, "Mama, njoo hapa." Ukimpa binti yako jina la bibi yako, ujue mkeo atatafuta la kwake la kumwitia, kwa hiyo majina mawili mtakuwa nayo mpende msipende.

Unaye shangazi aliye hai? Mpigie kabla ya Jumamosi.

Mwalimu wa Madrasa, Tanga:

Wa alaikumu salaam. Nitajibu la kwanza tu, kwa kuwa ndilo ninaloweza.

Mtoto kuchaguliwa jina zuri ni katika haki zake juu ya mzazi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alibadilisha jina la mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, akamwita Jamila. Hapa niweke angalizo, kwa sababu nimewahi kuona watu wakiwatia hofu kina Asiya bila sababu: Asiya mke wa Firauni, mwanamke mwema anayetajwa kwa sifa, jina lake kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine kabisa, ila sisi tukiyaandika yote mawili kwa Kiswahili yanafanana. Kisa kingine kimo katika Sahihi Bukhari. Mtu aliyeitwa Hazn, yaani ardhi ngumu yenye mawe, aliambiwa na Mtume, "Wewe ni Sahl," yaani mwepesi, tambarare. Akajibu kwamba hawezi kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake alikuja kusema kwamba ule ugumu uliendelea kubaki katika ukoo wao.

Utaona hapo kwamba yule mtu hakulazimishwa. Alishauriwa, akakataa, akaachwa na jina lake. Kwa hiyo sitakwambia kwamba Tabu ni haramu. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, nalo ni uchovu na mashaka, si shirki wala tusi. Nitakwambia tu kwamba liko katika yale ambayo ni bora kuyaepuka ukiwa na njia nyingine, na wewe unaonekana kuwa nayo. Ahadi uliyoitoa ilikuwa ya kumkumbuka bibi yako kwa wema. Sadaka na dua vinamfikia, na hilo la jina usilibebeshe uzito wa nadhiri.

Akika ya mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, na kuchelewa siku ya saba hakuiharibu.

Mkazi wa Musoma:

Ninamheshimu sana Mwalimu, lakini naomba kutofautiana naye kwa mfano mmoja tu kutoka huku kwetu Mara.

Chifu wa Wazanaki pale Butiama alizaliwa wakati viwavi walipovamia nchi, akapewa jina la viwavi hao: Nyerere. Mwaka 1922 akapata mtoto siku ya mvua kubwa, na mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja baadaye sana, kwenye ubatizo. Sasa niambieni ni Mtanzania gani anayewaza wadudu anaposikia jina la Nyerere. Maana ya kwanza imekufa, imebaki maana ya mtu.

Hata kwa wakwe zako, ndugu yangu, na kwa jirani zao Wasukuma, wamejaa watu wazima wanaoitwa Nzala, yaani njaa, na wengine Mabula, yaani mvua, na wana mashamba na magari. Tatizo la Tabu ni kwamba ni neno la Kiswahili, na kila mtu darasani analielewa. Lingekuwa hilohilo kwa Kizanaki, mkeo angeliona jina zuri la asili.

Karani wa Kata:

Nimesoma maoni yote na sitaingia katika upande wowote wa jina, lakini nafanya kazi ya kuandikisha vizazi na naona swali la pili limepita bila kujibiwa.

Ndugu muuliza swali, cheti cha kuzaliwa kinaandikwa kwa kufuata tangazo la kizazi mlilopewa hospitali, na muda wa kawaida wa kusajili ni ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo bado mna nafasi na hamna sababu ya kukimbizwa na akika. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano upo mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kuenea mikoa mingi, ambapo usajili hufanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata na cheti hutolewa bila malipo. Muulize muuguzi siku mtoto anapopelekwa kliniki.

Kuhusu majina mawili: cheti kibebe jina moja la mtoto, basi. Mfumo wetu ni wa majina matatu, la mtoto, la baba na la babu au ukoo, na la pili na la tatu tayari yako. Ukiandika Tabu Aaliyah na kisha la baba na la ukoo, unakuwa na majina manne, na kila fomu itakayokuja baadaye yenye visanduku vitatu itamlazimisha mtu fulani, pengine mwalimu wa darasa la kwanza aliyechoka, kuamua ni lipi la kutupa. Atatupa moja shuleni, mwingine atatupa jingine kwenye Baraza la Mitihani, na siku binti anaomba kitambulisho cha taifa au mkopo wa chuo ataonekana kuwa watu watatu. Hapo ndipo mnaanza kutafuta wakili, kiapo na hati ya kubadili jina. Nyumbani mwiteni mtakavyo. Nyumbani hakuna visanduku.

Na hilo jina la Aaliyah, kama ndilo mtakaloliamua, mkubaliane kwanza herufi zake na mziandike kwenye karatasi, kwa sababu nimeliona likija mezani kama Aliya, Alia, Aalia na Aleyah, kwa watoto wa mtaa mmoja. Tabu nalo halijasalimika, kwani wapo wanaoliandika Taabu. Vyeti vya mpango huu huandikwa kwa mkono. Msiondoke dirishani kabla ya kusoma herufi moja moja, pamoja na jina la baba, ambalo lazima lifanane na lililo kwenye kitambulisho chake. Nimewaona akina baba waliohangaika mwezi mzima na jina la mtoto, kisha wakaandikisha la kwao kwa kukosea.

Mama Shida:

Nimeona niandike kwa kuwa ninyi nyote mnalizungumza jina hili kutoka nje, na mimi nimo ndani yake. Jina langu la cheti ni Shida. Nimezaliwa mwaka 1974.

Mke wako hatii chumvi kuhusu darasani. Mimi niliitwa, "Shida yako nini?" kabla sijajua kuandika jina lenyewe. Ukubwani mzaha umebadilika lakini haukuisha: nikiwa kwenye foleni ya zahanati, mhudumu akitoa kichwa na kuuliza, "Nani ana shida hapa?" watu wanaonijua hunigeukia mimi, na nimejifunza kunyoosha mkono kabla hawajacheka. Mume wangu alipopeleka posa, mjomba wake mmoja alisema kwa sauti, nami nikiwa nyuma ya mlango, kwamba ukoo wao una shida za kutosha. Ni mzaha, ndiyo, na niliolewa, na yule mjomba alinipenda mpaka alipokufa. Lakini ninaukumbuka.

Hata hivyo, siyo mizaha iliyoniuma. Kilichoniuma ni kwamba sikuelezwa. Mpaka nina miaka zaidi ya thelathini niliamini kwamba mama yangu aliniona mimi kuwa ndiyo shida. Siku moja nilimuuliza tukiwa tunachambua mchele, na alishangaa kwamba sijui. Ilikuwa wakati wa Operesheni Vijiji. Walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao na kuletwa mahali ambapo hapakuwa na nyumba hata moja, wakaonyeshwa viwanja vilivyopimwa kwa kamba, na mimi nilizaliwa chini ya mwembe, mvua zikiwa karibu, baba akiwa bado anakata miti ya kujengea. Mama alisema, "Sikukuita wewe shida. Niliita ule mwaka." Baada ya hapo nililivaa jina langu kama mtu aliyerudishiwa nguo yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni tofauti na wa wengine. Usimpe binti jina hilo kama huna kisa cha kumpa pamoja nalo. Ukiwa na kisa, mkalishe mama yake kwanza, umsimulie yeye, kwa sababu ndiye atakayekuwapo mtoto atakaporudi kutoka shule akilia.

Baba wa Muheza:

Shikamoo Bi Mkubwa, shikamoo Mama Shida, na nawashukuru wote. Akika imekwisha, na nimeona si adabu kuwaacha bila kuwaambia tulikofikia.

Nilimpigia shangazi Alhamisi usiku. Nilidhani ataniambia habari ya njaa au ya mvua. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mke wangu yuko karibu na simu, na nilipomwambia yupo, akaniomba nitoke nje. Bibi yangu aliitwa Tabu kwa sababu mama yake alifariki siku ya tatu baada ya kumzaa. Hakufa mtoto, alikufa mama. Aliyempa jina ni dada wa marehemu, msichana ambaye alikuwa bado hajaolewa, na ndiye aliyemnywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa mpaka akashika nguvu, kisha akamlea kama wake. Bibi mwenyewe alijaliwa wajukuu wengi wa kike, na kila mara wazazi walipotaka kumwita mtoto kwa jina lake alikuwa akicheka na kutaja jina jingine. Mimi sikulijua hilo. Ahadi niliyoitoa kaburini niliitoa kwa niaba ya mtu ambaye alikwisha kukataa mara kadhaa.

Nilikaa barazani kwa muda mrefu nikiwaza kama nimfiche mke wangu, kwa kuwa yuko ndani ya arobaini na habari ya mama kufa kwa uzazi si ya kumpelekea mzazi mchanga. Maneno ya Mama Shida ndiyo yaliyonisukuma. Nilimsimulia. Hakulia. Aliniuliza tu yule dada mtu aliitwa nani, na mimi sikuwa nimeuliza, kwa hiyo tukampigia shangazi tena, saa nne usiku, akiwa amekwisha kulala. Aliitwa Subira.

Sikulipendekeza mimi. Mke wangu alilisema mara mbili taratibu, akalisema mara ya tatu kwa sauti ya darasani, kama anayeita majina asubuhi, akasikiliza jinsi linavyoitikiwa. Kisha akasema, "Hili hawatalipata la kuliharibu," ingawa mimi, kwa kuwajua watoto, sina uhakika huo. Mwalimu wa Madrasa, sheikh aliyetusomea dua Jumamosi aliliridhia bila swali.

Ndugu Karani, tumeandika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, pamoja na la kwangu kama lilivyo kwenye kitambulisho, na mke wangu ameitia ndani ya kadi ya kliniki. Jina la Aaliyah halijaondoka nyumbani. Bado linasikika alfajiri, na sina mpango wa kulizuia. Ila jana jioni mama mkwe aliuliza kwa nini mtoto ameitwa Subira, kama kulikuwa na kitu tulichokuwa tukikisubiri. Nilifungua mdomo nianze kueleza, na mke wangu akanitangulia, akaanza na yule mbuzi.